Nakala Tatu

Seva zangu ni kompyuta tatu kuukuu
zilizopigwa mnada chama cha akiba cha Luanda kilipofunga milango.
Moja haina kifuniko, feni yake inakoroma
kama mjomba aliyeshiba ugali wa mchana.
Nimezipa majina ya masoko:
Mudete, Majengo, Luanda.
Nimezipanga juu ya meza ya cherehani,
nyaya zinaning'inia hadi sakafuni.

Programu ni huria, haikuniomba hata ndururu.
Iliniomba usiku.
Usiku wa kwanza nilisoma maelekezo
mpaka jogoo wa kina Amugune akawika,
na klasta ikaniambia: Mudete hayuko tayari.
Usiku wa pili: Mudete hayuko tayari.
Nikafungua milango ya ukuta wa moto, mmoja mmoja,
nikarekebisha saa, maana mashine ile
ilikuwa bado inaishi mwaka ambao chama kilikuwa na pesa.
Usiku wa tatu kosa lilikuwa mstari wa tisa:
pengo dogo kuliko chawa.
Nilipaswa kuacha nafasi mbili, nikaacha tatu.

Mama akauliza, unajenga nini na takataka hizi?

Nikamwambia: unakumbuka matanga ya shangazi Khavere?
Ulisimama nyuma ya nyumba, mwiko mkononi, ukasema
nataka sufuria tatu motoni mpaka mgeni wa mwisho aondoke.
Hukutaja nani apulize moto, nani achote maji.
Sufuria ya Edelia ilipotoboka
hukuuliza imetobokaje.
Ulihesabu: mbili.
Na ya tatu ikaletwa mbio kutoka kwa jirani.
Basi ndivyo ilivyo hii. Unaiandikia unachotaka,
inatazama kilichopo,
ikiona tofauti inainuka,
na haichoki kutazama.

Mama akacheka mpaka akashika kiuno:
kumbe mmefundisha mashine kupika matangani!

Ninachokitia ndani ya kontena si changu.
Ni daftari la chai la Asava,
kilo za kila mchumaji, asubuhi na jioni,
hadi gramu za kikapu cha mwisho.
Kaka aliliandika kwenye laptopu yenye ufa,
na kati ya mistari akajiachia maneno kwa Kilogooli:
usiguse hapa.
Hii nitaitengeneza Jumatatu.
Hapa nilikuwa na njaa.
Sijafuta hata moja.
Zamani lilikaa kwenye mashine moja tu,
na umeme ulipoiunguza, wachumaji walipanga foleni
wakitaja kilo zao kwa mdomo, na karani akiguna.
Sasa nimeandika: nakala, tatu.

Usiku wa saba zikainuka.
Moja.
Mbili.
Ya tatu ikasitasita, ikaanguka, ikainuka.

Halafu nikafanya ambalo kila mwanafunzi hulifanya,
nikachomoa waya wa Majengo kwa makusudi.
Feni ikanyamaza. Nikangoja.
Dakika tano na ushei, mvua ikigonga mabati,
nakala ikazaliwa upya kwenye Luanda
bila kilio, bila tangazo la redio,
na ndani yake, neno kwa neno,
hapa nilikuwa na njaa.

Chumba cha pili mama anaandaa chai.
Nasikia kabati, nasikia vikombe:
vinne.
Anatoka navyo kwenye sinia, anatutazama,
mimi, Kageha aliyelala kochini, yeye mwenyewe.
Anasimama kidogo.
Anarudi, anakiweka kimoja mahali pake.

Mwaka wa pili huu.
Kesho atatoa vinne tena.

Nimeuchomeka waya wa Majengo.
Feni imeanza kukoroma.